Mkokoteni Usiosimama

Namna nilivyofika Akibani haikusaidii wewe msomaji wala mimi, kwa hiyo tuyaache. Kinachofaa ujue ni kwamba nilifika nimechoka, kamba ya kiatu imefunguka, na kando ya barabara kuu nikakuta uwanja mpana, tambarare, wenye majani mafupi yaliyokatwa vizuri, usio na mti, usio na kibanda, usio na hata mbuzi. Jua lilikuwa limeumwagikia wote. Nikatua mzigo, nikainama nifunge kiatu.

"Usisimame, dada," sauti ikasema nyuma yangu. "Tafadhali sana. Hapo usisimame."

Nikageuka. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi, amevaa shati la kaki lililopigwa pasi likapigika, mkono mmoja kopo la rangi nyekundu na mwingine brashi. Uso wake haukuwa wa ukali. Ulikuwa uso wa mtu anayeomba radhi.

"Sisimami, nainama," nikamwambia.

"Ukiinama umesimama. Chukua mzigo wako utembee. Kiatu utakifunga huku unakwenda."

Basi jaribu wewe kufunga kiatu huku unakwenda. Nilirukaruka kwa mguu mmoja kwenye majani yale kama kuku aliyefungwa kamba, na yule bwana ananifuata ubavuni, amenishika kiwiko nisianguke, ananisifu kila nikipiga hatua. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonijua wanalijua hilo, lakini utamkasirikiaje mtu anayekushika kiwiko.

Jina lake lilikuwa Makungu, na cheo chake Mtunza Akiba. Alinieleza mambo yote tukiwa tunatembea, kwa sababu uwanja ule haukuruhusu mazungumzo ya namna nyingine. Uliitwa Akiba. Ulifuatana na barabara kuu, upande huu na upande ule, toka mpaka wa nchi hadi mpaka wa nchi, na ulikuwa umewekwa kwa ajili ya Upanuzi. Siku moja barabara itapanuliwa, na siku hiyo isikute kitu njiani. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Akibani, inayotangulia hata ile ya kuua na ile ya kuiba, inasema kwamba chochote kinachosimama kwenye Akiba kimejengwa, na kilichojengwa kitiwe alama nyekundu na kuondolewa. Kinachopita kipite.

"Na huo Upanuzi utakuja lini?" nikauliza.

"Unakuja," akasema, amechangamka kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe aliye masomoni.

"Nauliza lini."

"Baba yangu alikuwa Mtunza Akiba kabla yangu. Yeye ndiye aliyeniambia unakuja."

Nikaona nisimbane zaidi. Mtu ukimkuta na tumaini lake la urithi, kwanza unamwamkia.

Sasa niwaambie mji wenyewe ulipo, maana nami niliutafuta. Zamani nyumba za Akibani zilikuwa hapo hapo kwenye tambarare. Barabara ilipochorwa, zikasogezwa nyuma ili kuiachia Akiba nafasi, halafu wakubwa wakaona nafasi haitoshi, zikasogezwa tena, mpaka zikagota kwenye jabali refu lililo nyuma yake. Zipo hapo hadi leo, zimebanana chini ya mwamba. Jua huzifikia karibu na adhuhuri, likachungulia madirishani, likaondoka kabla ubwabwa haujaiva. Kuta zina ukungu, magodoro yana unyevu, na watu wazima wana mafua mwaka mzima kana kwamba ni sehemu ya mavazi.

Na nguo je? Nilijiuliza hivyo hivyo. Asubuhi yangu ya kwanza niliwaona wanawake wakishuka kwenye Akiba wawili wawili, kila wawili wameshika kanga mbichi kwa ncha, wameitandaza katikati yao, wanakwenda nayo na kurudi nayo juani, wanapiga soga. Kamba ya kuanikia ingesimama, mnaona. Mtu anapita. Shuka la kitanda kikubwa huchukua asubuhi nzima, na nikaambiwa kwamba mashoga wa kweli katika nchi ile hujulikana kwa mablanketi.

Nilipangiwa kukaa kwa Bi Mwanahija na mumewe Mzee Ngwali, wazee wawili ambao mtoto wao wa pekee, binti, anafanya kazi nchi ya mbali. Sebuleni mwao palikuwa na makochi yaliyovikwa nailoni ile ile yaliyotokea nayo dukani, na kabati la vioo lenye vikombe viwili vya udongo mweupe, vyembamba, vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Bi Mwanahija alikitoa kimoja, akakifuta kwa upindo wa kanga, akanitilia chai. Yeye na mumewe wakanywa kwenye vikombe vya bati, na kimoja mkono wake ulikuwa umepinda.

"Mbona nyie hamvitumii vile vya maua?" nikauliza. Mdomo wangu haujui ugeni.

"Vya wageni vile," akasema Bi Mwanahija.

"Wanakuja wengi?"

Wakatazamana, wakacheka. "Wewe wa kwanza, mwanangu," akasema Mzee Ngwali.

Alisema hivyo kwa vipande, kwa sababu Mzee Ngwali hakuwa na pumzi ya sentensi nzima. Ujana wake wote aliupoteza kwenye ile barabara, akiponda mawe na kumwaga lami, na vumbi la mawe lilikuwa limekaa kifuani mwake na kukataa kutoka. Alikuwa akipumua kwa mashine ya hewa, kisanduku kilichowekwa karibu na kochi, kinanguruma taratibu na kumletea pumzi kwa mrija mwembamba uliopita chini ya pua. Umeme ukiwepo, mzee alikuwa mtu wa utani na mkorofi wa bao. Lakini Akibani umeme ni wa mgao, kwa maana mitambo mipya ya umeme nayo imewekwa stoo, inasubiri Upanuzi. Ukikatika, mashine inanyamaza.

Iliponyamaza mara ya kwanza nikiwapo, nilidhani mtu amekata roho. Bi Mwanahija aliacha mchele kwenye ungo, akaja akakaa nyuma ya mumewe kwenye kochi, akamwegemeza kifuani pake, akaanza kumpepea kwa kipepeo cha ukindu. Mkono mmoja unapepea, mwingine umelala kifuani mwake, unapanda na kushuka naye. Mzee midomo ilimgeuka rangi ya majivu. Alikuwa akimtania hata hapo. "Unanipepea kama mahindi," akasema, na ikamchukua muda mrefu kuimaliza.

"Nyamaza wewe, hujaiva," akamjibu.

Mume wangu mimi alifia hospitalini, kifuani mwake kukiwa na mikono ya watu nisiowajua majina. Niseme ukweli, nilimwonea wivu yule mama, na papo hapo nilimwonea huruma. Mkono ule ulikuwa wa mtu mzee. Ulikuwa unachoka, na yeye alijua kwamba ukichoka kabla umeme haujarudi, atabaki na kipepeo tu.

Umeme uliporudi na mzee akalala, Bi Mwanahija alinionyesha kilichokuwa chini ya kitanda. Paneli za sola, kubwa, mpya, na betri zake mbili, vyote ndani ya nailoni. Binti yao ndiye aliyezituma.

"Mmezihifadhi kwa wageni hizi nazo?" Hasira zangu zilikuwa zimeanza kunipanda.

"Nilizipandisha paani, mwanangu. Nilizipandisha mwenyewe, nikazishusha. Jua linafika, linaondoka, betri haishibi hata ya kuwasha mashine." Akakaa kitandani. "Jua lipo kule tu."

Hakuhitaji kunyoosha kidole. Dirishani, ng'ambo ya vichochoro vyenye kivuli, Akiba ilikuwa inawaka, tupu, imekatwa majani.

Kesho yake alipeleka ombi kwenye Baraza la mji, nami nikaenda kumsindikiza. Ukumbi wa Baraza ni mzuri na viti vyake vyote vimo ndani ya nailoni, kwa hiyo kila mjumbe akihamisha makalio ukumbi mzima unalia. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Lugome, mtu mnene, mpole, mwenye suti nyeusi, ambaye alimsalimia Bi Mwanahija kwa jina la bintiye na kumuulizia hali ya mzee kabla ya lolote. Nawaomba mlikumbuke hilo. Hapakuwa na mtu mbaya mle ndani. Ningemkuta mmoja ningekuwa na wa kumgombeza.

"Siombi ardhi," Bi Mwanahija akasema. "Ardhi ni ya Upanuzi, naijua, mume wangu ndiye aliyeing'oa visiki. Naomba mahali pa kuweka kitu kinachompa pumzi. Upanuzi ukija nitakiondoa mwenyewe. Nitakimbia nacho."

Wajumbe wakaanza kujadili, na walijadili kwa uangalifu wa hali ya juu. Mjumbe mmoja mzee, mwenye kofia ya kufuma, alisema hana tatizo na paneli, tatizo lake ni kivuli. Paneli itatia kivuli. Kivuli kitamvuta mtu. Mtu akishakaa kivulini atataka mkeka, mkeka utataka chai, chai itataka jiko, na jiko litataka kuta za kuzuia upepo. "Tutaamka siku moja tukute mtaa," akasema, akakaa, kiti kikalia.

Mama mmoja mwenye miwani aliuliza habari za jua lenyewe. Jua linaloanguka kwenye Akiba ni mali ya Akiba. Tukilitumia leo, Upanuzi ukifika utakuta kiasi gani? Nikacheka. Nilidhani anachekesha. Peke yangu nilicheka, na watu wakanigeukia kwa upole, kama unavyomgeukia mtoto aliyecheka msibani.

Mwishowe Mheshimiwa Lugome alisimama. Alisema Baraza limeumia. Akatoa leso akajifuta macho, na si kwa kujionyesha, machozi yalikuwepo. Wajumbe wakajifuta nao. Akasema haiwezekani. Halafu mmoja mmoja wakapita mbele, wakamwekea Bi Mwanahija miguuni mkungu wa ndizi, unga, nazi, kuku mmoja aliyefungwa miguu. Walimnyima kwa huruma, na sijapata kuona kunyimwa kunakouma kama huko.

Nikainuka. "Jamani, nyie mna akili kweli? Mtu anakosa pumzi, na nyinyi mnalinda majani?"

"Mgeni akae," akasema Mwenyekiti taratibu. "Tunamwelewa. Sisi pia tungekuwa wageni tungesema hivyo."

Nilikaa. Kiti kikalia kwa niaba yangu.

Bi Mwanahija alikuwa ameshafika mlangoni, kuku kwapani. Akasimama pale, akageuka. "Mheshimiwa, samahani. Kanga zangu nazianika wapi?"

"Kwenye Akiba, Bi Mwanahija. Kama sisi sote."

"Zinasimama?"

"Hapana. Unatembea nazo."

"Basi na paneli nitatembea nazo."

Hata nailoni haikulia. Mheshimiwa Lugome alimtazama Bwana Makungu, ambaye alikuwa kwenye kona yake na kopo lake miguuni. Makungu akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza, anaipitia sheria yote moyoni, kifungu kwa kifungu, na mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

"Kinachopita kipite," akasema, akafumbua macho.

Muuza maji alitoa mkokoteni wake. Paneli zilifungwa juu yake kwa kamba, zimelazwa zitazame jua, na betri moja ikawekwa chini ya ubao. Siku ya kwanza Bi Mwanahija aliusukuma mwenyewe, kwenda na kurudi, mpaka jioni betri ikabebwa nyumbani ikiwa imeshiba, na umeme wa mgao ulipokatika mashine iliendelea kunguruma. Mzee Ngwali alingoja inyamaze. Haikunyamaza. Akamwangalia mkewe aliyekuwa ameshakuja na kipepeo chake mkononi, hana kazi nacho.

"Keti tu," akamwambia. "Kipepeo kiweke."

Akaketi, mgongo kwa kifua kama siku zote, ingawa haikuhitajika. Nikatoka nje nikasimama barazani, maana mambo mengine si ya kutazamwa.

Siku ya pili miguu ya Bi Mwanahija ilivimba, na siku ya tatu mji ukaingia zamu. Ni mji wa kuoneana huruma, niliwaambia, na sasa huruma ilikuwa imepata mpini wa kushika. Muuza maji alisukuma alfajiri. Fundi cherehani alisukuma akiwa na nguo ya mtu begani, anashona pindo kila akipumzisha mkono mmoja. Mwalimu alileta darasa zima likafuata nyuma likiimba majedwali ya kuzidisha. Vijana wawili waliokuwa wamechumbiana na hawana ruhusa ya kukaa pamoja waligundua kwamba hakuna aliyekataza kusukuma pamoja, na zamu yao ilikuwa ndefu kuliko za wote. Wale wajumbe waliomnyima walikuja pia, na yule mzee wa kofia ya kufuma alisukuma akilalamika kwamba kivuli kinamfuata.

Bwana Makungu hakuwa na zamu. Yeye alitembea nyuma ya mkokoteni tangu asubuhi hadi jioni, kopo mkononi, macho kwenye magurudumu, kuhakikisha hausimami. Shati la kaki lilikuwa linachora ramani ya jasho mgongoni. Nilimfuata siku moja nikamwambia yaliyokuwa yananiwasha.

"Bwana Makungu, mji mzima unatembea kutwa nzima ili kitu kisisimame mahali pasipo na kitu. Huoni?"

"Naona, dada."

"Unaona nini?"

Akafikiri hatua kadhaa. "Naona wanampenda," akasema.



Mzee Ngwali alipona ulimi. Alirudi kwenye bao, akanifunga mara nyingi bila aibu, akasema mji unamtembeza kama gunia la viazi na hakuna anayemuuliza gunia linataka kwenda wapi. Alikuwa amenenepa mashavuni. Bi Mwanahija alianza kulala usiku, jambo ambalo, nilivyoelewa, lilikuwa limemtoka kwa muda mrefu sana.

Ndipo umeme wa mgao ukakatika na usirudi. Wengine walisema nguzo imeanguka, wengine walisema ni ile mitambo iliyo stoo, na siku zilipita. Mashine sasa ilikuwa inaishi kwa mkokoteni peke yake, betri moja ikijazwa na nyingine ikiwa nyumbani, na mkokoteni ulikuwa umechoka. Ulitengenezwa kwa mapipa ya maji ya safari fupi, haukutengenezwa kwa safari isiyo na mwisho. Siku hiyo jua lilikuwa utosini na zamu ilikuwa ya Bi Mwanahija. Nilikuwa natembea naye namsimulia uongo wa nchi nyingine ili asisikie miguu yake. Chuma cha gurudumu kikakatika. Mkokoteni ukalala ubavu, paneli zikagusa majani, ukasimama.

Alijaribu kuuinua. Nikajaribu naye. Muuza maji akaja mbio, na fundi cherehani, na wachumba, na mwalimu na darasa lake. Ulikuwa mzito na gurudumu lilikuwa limetengana. Tuliuweka sawa juu ya jiwe, paneli zikatazama jua tena, lakini kutembea haukuweza.

Bwana Makungu alikuwa amefika. Alifungua kopo.

"Makungu, mwanangu," akasema Bi Mwanahija. Alikuwa amemlea, nyumba zao zinapakana. "Betri haijajaa."

"Naijua sheria, mama."

"Na mimi naijua. Nakuambia betri haijajaa. Ile ya jana iko nyumbani, inakaribia kwisha. Amebaki na masalio."

Akachovya brashi. Nilitaka kumpokonya lile kopo nilimwage, na Mungu ni shahidi mkono wangu ulikuwa umeshatoka, nilipomwona anatafuta mahali pa kutia alama. Alitazama paneli. Akatazama mkokoteni, akatazama jiwe. Macho yakashuka mpaka kwenye viatu vyake mwenyewe, na hapo yakagoma.

"Nimesimama," akasema.

Alikuwa amesimama tangu chuma kilipokatika. Akainua uso akatuangalia sisi. "Na nyinyi nyote mmesimama."

Ilikuwa kweli. Katika nchi ile, mahali pale, hakuna aliyekumbuka kuona mtu amesimama, na sasa palikuwa na mji. Rangi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye brashi, tone tone, kwenye kiatu chake. Alikitazama kiatu kile chenye alama. Halafu akalifunga kopo, akaliweka chini, akasogea chini ya paneli, akakunja magoti yake marefu, akaketi kivulini.

Alikuwa ametembea juani kwenye uwanja ule maisha yake yote.

"Kumbe hapa pana upepo," akasema.

Mwenyekiti aliitwa. Alifika na suti yake, anahema, ameshika kofia. "Makungu! Umesimama kwenye Akiba?"

"Nimekaa, Mheshimiwa."

"Na Upanuzi ukija leo? Ukija sasa hivi?"

"Ukija nitausimamisha mimi mwenyewe," akasema Makungu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole aliyonishikia nayo kiwiko. "Nitauambia usubiri kidogo betri ijae. Baba yangu aliusubiri. Babu aliusubiri. Nao ukisubiri kidogo haufi. Mzee Ngwali anakufa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Lugome alifungua mdomo. Alimtazama Bi Mwanahija, ambaye alikuwa ameshaketi kivulini karibu na Makungu. Bi Mwanahija akasogea kidogo, akapapasa majani pembeni yake, kama mtu anavyompisha jirani kwenye mkeka. Jua lilikuwa kali. Mwenyekiti alisimama pale kitambo, na kusimama kwenyewe kulikuwa ni kosa, nadhani aliligundua. Kisha akainua suruali magotini isikunjike, akaketi.

Tulikaa hapo mpaka betri ilipojaa. Upanuzi haukuja.

Sheria ilipatikana baadaye, kwa kuwa Akibani hawafanyi jambo bila sheria. Baraza liliamua kwamba paneli za sola zinaweza kusimama kwenye Akiba, pande zote mbili za barabara, toka mpaka hadi mpaka, kwa muda, hadi Upanuzi utakapofika. Maneno "kwa muda" yaliandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa makofi marefu. Mitambo haikuwa tena na haja ya kutolewa stoo. Nyumba zilizo chini ya jabali zilianza kuwaka taa, pasi, na redio mbaya za watu. Bwana Makungu anapita kati ya safu za paneli na kitambaa kibichi, anazifuta vumbi, na lile kopo jekundu amepanda ndani yake mche wa mwarobaini. Na yote aliyotabiri mzee wa kofia ya kufuma yametokea. Kivuli kilimvuta mtu, mtu akaleta mkeka, mkeka ukaleta chai. Mkeka bora kuliko yote ni wake. Suala la jiko bado linajadiliwa.

Asubuhi niliyoondoka, Mzee Ngwali alikuwa barazani, mrija chini ya pua, mashine inanguruma ndani kwa umeme uliotoka kwenye uwanja ule ambao yeye aling'oa visiki vyake ujanani. Nailoni ya makochi ilikuwa imeanikwa ukutani, sijui kwa ajili ya nini, labda kwa kuagwa tu. Bi Mwanahija akatoka na sinia la chai.

Alimpa mumewe kikombe cha maua ya waridi. Mzee akakishika kwa mikono yote miwili, akakigeuzageuza, akautazama ukingo wa dhahabu.

"Kuna mgeni?" akauliza.

"Kunywa chai, ipo moto."

Kikombe cha pili cha maua akakichukua yeye, akaketi ubavuni pake. Halafu akaniletea changu. Kilikuwa kile cha bati, chenye mkono uliopinda.

Nikakipokea. Kiliniunguza vidole, na macho yakaniuma nikasingizia moshi, ingawa nyumba ile ilikuwa haipikii kuni tena. Mzee Ngwali akanywa, akameza, akavuta pumzi, na akasema sentensi nzima bila kukata.

"Miaka yote hii, mke wangu, chai ilikuwa tamu namna hii na hukuniambia."

"Ni chai ile ile," akasema Bi Mwanahija, akamwegemea.